Nyuzi Thelathini na Nane na Nusu

Sikuwa na mashine ya kutotolesha mayai ya kununua dukani. Sikuwa na feni ya kuzungusha hewa, wala kile kidude kinachojizima chenyewe joto likizidi. Sikuwa na jenereta, na mtaani kwetu umeme hukatika kama kikohozi cha mzee, bila taarifa na bila kuomba radhi. Sikuwa na kuku wa kuatamia. Wa mwisho aligongwa na lori la maji akivuka barabara kwa madaha yake yale yale. Sikuwa na uzoefu, maana katika miaka sabini na moja sikuwahi kuangua kitu. Sikuwa na mke. Binti nilikuwa naye, ila simu yangu hapokei, na barua zangu tatu hakuzijibu, kwa hiyo siku zile nilimhesabu humu humu miongoni mwa nilivyovikosa.

Nilivyokuwa navyo ni mayai tisa, kasha la mbao lililokuwa la majani ya chai, kijitabu cha ufugaji chenye kurasa thelathini na mbili, daftari, penseli na kipimajoto. Nilikuwa pia na kichwa changu, ambacho sijawahi kukidharau.

Kichwa hicho nilikitafutia elimu mwenyewe. Miaka sita nilikuwa mchukuzi katika ghala la nafaka. Mchana nilibeba magunia, na jioni, mabega yakiwaka moto, nilikwenda shule ya usiku nikakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakinigusa kidevu. Mke wangu alianza kuniita Karani siku niliyoandika jina langu bila kukosea, miaka minne kabla ghala halijaniita hivyo. Nilipomsihi naye aje tusome, alicheka.

"Nyumba moja makarani wawili, kuku atawalisha nani? Wewe soma. Mimi nitakuuliza."

Basi nikawa karani wa mizani, na kazi hiyo niliifanya miaka ishirini na tisa. Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, nilitazama kama sindano imelala kwenye sifuri. Ikiwa imeegemea upande, nilizungusha skrubu hadi ikae mahali pake, ndipo nikaanza kupima. Wachukuzi walikuwa wakinibishia: "Karani, gunia hili limezidi, bega langu linajua." Nami nikiwajibu, "Bega lina ndugu na jamaa. Mizani haina mjomba." Wakacheka, wakanibandika jina la Mzee Mizani nikiwa bado kijana, na sitaficha kwamba nililipenda.

Sasa nieleze yale mayai. Mke wangu alipokuja kwangu alikuja na kuku mmoja wa madoadoa, mweusi mwenye vitone vyeupe, kama aliyepita karibu na mtu anayechekecha unga. Kizazi cha kuku yule hakikukatika uani petu kwa miaka arobaini na mitatu. Binti yetu, mtoto wa pekee tuliyejaliwa, alipiga hatua zake za kwanza akimfukuza mmoja wao. Alipoolewa akahamia mji ulio mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, mama yake alimwahidi: "Siku ukijifungua nitakuja mwenyewe, na kikapuni nitakuletea kuku wetu wawili, jike na dume." Ahadi hiyo haikutimia.

Baada ya mazishi ya mke wangu kuku walipungua mmoja mmoja. Wengine niliwachinjia wageni waliokuja kunifariji, wengine sikuwafungia banda wakapotea. Akabaki jogoo mzee na jike mmoja. Jike akataga mayai tisa, ndipo likaja lile lori.

Niliyaokota mayai yale nikayaweka mezani nikayatazama. Kijitabu kilisema yai likitunzwa vizuri huweza kuanguliwa hadi siku ya kumi, na haya hayajafika. Nikajiambia: vifaranga hivi nitavikuza, jike na dume nitawatia kikapuni, na nitawapeleka mimi. Barua binti yangu anaweza asijibu. Simu anaweza asipokee. Lakini kuku wa mama yake hatawafungia mlango, na nyuma ya kuku nitakuwa nimesimama mimi.

Kazi ya waya nilimpa jirani yangu, fundi umeme ambaye mtaa mzima unamwita Cheche. Ni kijana hodari, mdomo wake tu haujawahi kuzimwa. Alipiga magoti mbele ya kasha, akanusa ndani.

"Mzee Mizani, hili si la majani ya chai?"

"Lilikuwa."

"Basi tutegemee vifaranga vya rangi ya chai ya maziwa."

"Funga holda, acha maneno."

Alitoboa matundu manne ya hewa, akafunga balbu, mimi nikaweka bakuli la maji na kutandika wavu. "Balbu hii ya wati arobaini ni ya kusomea gazeti," alisema. "Ningekuwa wewe ningeweka ya sitini."

"Mimi na wewe hatupangi. Kipimo ndicho kitakachosema."

Kipimajoto chenyewe kilikuwa kile cha kupimia homa, cha kioo na zebaki, kilichokuwa kwenye kopo la dawa za marehemu. Nilikilaza juu ya wavu, nikafunika kasha, nikakaa saa nzima kwa saa ya ukutani. Nilipokitoa nikakipeleka dirishani, kilisoma nyuzi thelathini na nane na nusu. Nikafungua kijitabu, ukurasa wa kumi na tisa: kwa mashine isiyo na feni, joto liwe nyuzi thelathini na nane na nusu.

Nilimwonyesha Cheche yote mawili, kitabu mkono huu na kipimo mkono huu. "Mara ya kwanza tu," nilimwambia, "bila kurekebisha chochote."

Cheche alitia mkono ndani ya kasha akautuliza. "Mbona mimi naona pana vuguvugu tu, Mzee?"

"Mkono haukusoma."

"He! Na huu wangu una cheti cha ufundi!"

Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile nilikwisha kulisema mara moja kabla, kwa mtu mwingine, na kulisikia tena kinywani mwangu kulinichoma.

Ilikuwa mwaka uliopita. Mke wangu alishikwa na kifua, na muuguzi wa zahanati akampa vidonge. Mlangoni aliniambia hivi: "Mpime homa asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya thelathini na saba na nusu, msafirishe aende kwa binti yenu, kule kuna hospitali kubwa na daktari wa kifua. Ikiwa juu ya hapo asisafiri, njia itamchosha." Nilitwaa daftari nikachora mistari. Siku ya kwanza, thelathini na nane na nusu. Ya pili, thelathini na nane na nusu. Ya tatu hivyo hivyo. Nilimwambia mke wangu, "Homa yako ina ukaidi kama wako," naye akatabasamu kidogo.

Asubuhi moja, ya tano au ya sita, nilipokuwa nakitoa kipimo kwapani mwake, alininyooshea mkono.

"Nipe," alisema.

Nilidhani homa inamsemesha. "Lala, usijichoshe. Nimekwisha soma."

Akaurudisha mkono chini ya shuka.

Siku ya kumi na moja binti yetu alifika kwa gari la kukodi, mimba yake ikiwa imebakiza mwezi mmoja. Aliingia chumbani moja kwa moja, hata viatu hakuvua, akaweka kiganja kwenye paji la uso la mama yake, kisha shingoni, kisha tumboni.

"Baba, mama amepoa. Twende naye leo. Gari liko nje."

Nilimfungulia daftari. "Asubuhi ya leo, thelathini na nane na nusu. Jana hivyo. Juzi hivyo. Muuguzi amesema asisafiri."

"Mshike basi, Baba! Mshike mwenyewe!"

"Mkono haukusoma, mwanangu. Homa hii imepimwa."

"Mimi nimekuja kumchukua mama, sikuja kusomewa daftari."

Alimgeukia mama yake kutafuta msaada. Mke wangu alinitazama mimi, akamtazama yeye, akasema kwa sauti ndogo, "Mwache baba yako. Yeye ndiye aliyesoma."

Gari liliondoka na mtu mmoja, kama lilivyokuja.

Siku ya kumi na sita mke wangu alifariki, kabla ya saa sita mchana. Asubuhi ile niliikuta miguu yake baridi nikaifunika kwa blanketi la pili, nikapima, nikaandika thelathini na nane na nusu. Siku ya mazishi binti yangu alinisogelea, akasema neno moja tu mbele ya watu: "Baba, nilimshika. Siku ile alikuwa wa kusafiri." Siku tisa baadaye alijifungua mtoto wa kike. Habari hiyo niliipata kwa mkwe wangu. Nikaandika barua tatu, na katika zote tatu nilinakili tarakimu zote, asubuhi na jioni, ili aone kwamba sikufanya kwa inda.

Haya ndiyo yaliyokuwa yamekaa kati yetu nilipowasha ile balbu.

Niliyaandika mayai kwa penseli, upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, nikayageuza mara tatu kwa siku kama kijitabu kinavyoamuru. Mchana nilikaa na kasha chumbani kama mtu anayemlinda mgonjwa. Cheche alikuwa akichungulia dirishani akitoka kazini.

"Hodi wodi ya wazazi! Mama anaendeleaje?"

"Pita zako."

"Uchungu ukianza uniite, nina koleo nzuri."

Siku ya saba nilifunga mapazia, nikayamulika kwa tochi, yai moja moja. Mawili yalikuwa meupe tupu. Lakini saba yalikuwa na mishipa! Mishipa myembamba, myekundu, imetawanyika kama mizizi ya mche mchanga, na katikati kitone cheusi. Nilikaa kitandani nikiwa na yai mkononi na nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mama Binti, njoo uone." Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu tumzike.

Umeme ulikatika siku ya tisa kwa saa mbili, na siku ya kumi na mbili kwa saa nne. Nilifunika kasha kwa blanketi, lile la pili. Kila nilipopima, kipimo hakikushuka hata nusu uzi. Nililisifu kasha. Nikamwambia Cheche, "Unaona mbao za zamani? Saa nne bila umeme na joto halijatikisika." Cheche alikuna kichwa, akasema labda kasha limesoma na lenyewe.

Siku ya kumi na nne nilimulika tena. Vitone vilikuwa vimekua, ila si sana kama picha za kijitabu, na mishipa katika mayai mawili ilikuwa imefifia. Nilipima. Thelathini na nane na nusu. Nikatulia. Siku ya kumi na nane niliacha kuyageuza. Siku ya ishirini na moja nilioga mapema, nikavaa shati la kola, nikakaa mbele ya kasha nikisubiri wageni wangu. Hakuna yai lililotikisika.

Asubuhi ya siku ya ishirini na mbili mlango uligongwa. Alikuwa mke wa Cheche, amempakata mwanawe wa miezi minane, anayelia kwa hasira zote za dunia.

"Babu, shikamoo. Samahani, mtoto amechemka usiku kucha. Baba yake anasema una kipimajoto."

Nilisita, maana kipimo kilikuwa kazini. Lakini mtoto ni mtoto. Nilifunua kasha nikakitoa, nikampa. Alikiinua kwenye mwanga, akakunja uso.

"Hiki tayari kina thelathini na nane na nusu, na mtoto hata sijamwekea."

"Hilo ni joto la mayai," nilimweleza kwa upole wa mwenye kujua.

"Aa, sawa." Akakishika kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua moja, akakikung'uta hewani mara tatu kwa nguvu, kama mtu anayekung'uta maji mkononi.

"Taratibu, binti! Kitavunjika. Unakitikisia nini?"

Alinishangaa. "Si nakishusha, Babu? Hivi vya zebaki havishuki vyenyewe. Usipokikung'uta kinabaki pale pale kwa mgonjwa wa jana." Alikitia kwapani mwa mtoto akaanza kumbembeleza. Baada ya muda akakitoa, akakisoma mwenyewe. "Thelathini na saba. Hana homa huyu, ni meno. Kelele zote hizi ni meno tu, ee? Mwambie Babu ahsante."

Alinirudishia kipimo akaondoka. Nikabaki nimesimama pale pale.

Nilimwona mke wangu. Nilimwona kama alivyokuwa siku zile binti yetu alipokuwa mdogo mwenye homa za kila mvua. Ilikuwa kazi yetu sote wawili, kila mtu na sehemu yake. Yeye alikitoa kipimo kwenye kopo, akasimama mlangoni, akakikung'uta mara tatu kuelekea nje, akakitia kwapani mwa mtoto, kisha akanikabidhi mimi niliyekaa dirishani. "Soma, Karani." Miaka yote ile nilidhani kukung'uta kule ni tabia yake tu, kama alivyokung'uta kijiko kabla ya kukitundika. Yeye hakujua kusoma. Mimi sikujua kukung'uta. Na alipolala yeye, kazi nzima niliichukua mimi nikidhani ni moja.

"Nipe," alisema.

Nilikikung'uta mara tatu. Niliona zebaki ikianguka. Nikakirudisha ndani ya kasha, nikasubiri saa nzima, nikakitoa. Zebaki haikufika hata alama ya kwanza, ambayo ni thelathini na tano. Nikatia mkono wangu ndani, huu uliobeba magunia miaka sita, na mkono ukaniambia mara moja kile ambacho wake ulimwambia Cheche siku ya kwanza: pana vuguvugu tu.

Basi ile thelathini na nane na nusu haikuwa ya kasha hata siku moja. Ilikuwa homa ya mke wangu ya siku ya kwanza. Ilikaa mle katika uzi wa zebaki siku zake zote kumi na sita, ikakaa ndani ya kopo miezi mitano, na mimi nikailaza juu ya mayai yake nikayaambia hilo ndilo joto.

Nilimwita Cheche. Alikuja na balbu mbili za sitini mfukoni, akanitazama usoni, akazifunga bila neno la utani hata moja, na jambo hilo lilinitisha kuliko kama ningesikia kicheko. Tulipima, tukakung'uta, tukapima, tukaziba tundu moja, hadi ikawa thelathini na nane na nusu ya kweli. Ilikuwa jioni. Nilijua nimechelewa, lakini mtu hawezi kuzima.

Siku ya ishirini na nne, baada ya saa nane mchana, nilisikia sauti. Nilisogeza sikio hadi likagusa mbao. Ilitoka katika yai moja, nyembamba, ya kukatikakatika, kama bawaba ya mlango wa mbali. "Lia," nilisema, "lia mwanangu, lia." Lililia hadi karibu na magharibi. Ganda halikupasuka. Asubuhi niliweka sikio nikasikia balbu zikivuma tu.

Nilingoja siku tatu zaidi, kisha nikayapasua yote uani juu ya gazeti. Sitaeleza kila kimoja. Yale mawili yalikuwa viza tangu mwanzo. Manne yalikuwa na viumbe vidogo visivyofika nusu ya safari. Katika mawili mengine viumbe vilikuwa vimekwisha kuota vidole. Lile lililolia lilikuwa na kifaranga kamili, amejikunja na kichwa chini ya bawa, mweusi, na kwenye utosi ana kitone kimoja cheupe. Cheche alichimba shimo pale lilipokuwa tagio. Jogoo alikuja akasimama pembeni akitutazama kwa jicho moja, kisha akaenda zake kuchakura.

Kesho yake nilikaa mezani nikafungua daftari. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na siku kumi na sita za mke wangu. Ukurasa wa kulia ulikuwa na siku ishirini na moja za mayai. Tarakimu ilikuwa moja, juu hadi chini, kwa mwandiko wangu mzuri ulionyooka. Ghalani, gunia la pili likiwa na uzito sawasawa na la kwanza ningelitazama mara mbili. La tatu likiwa hivyo ningesimamisha kazi na kutazama sindano. Kumi na sita ningemwita msimamizi na askari. Miaka ishirini na tisa sikuwahi kupima gunia kabla ya kutazama sifuri, hata siku ya kustaafu, hata siku nina malaria. Na mke wangu nilimpima bila sifuri.

Nilianza barua. Mstari wa kwanza uliandikika wenyewe: "Mwanangu, kwa kuwa kipimo kilionyesha." Nilichana. Nikaanza tena, nikajikuta naeleza tabia za zebaki, jinsi kioo kinavyobanwa shingoni ili isirudi. Hayo nilikwenda kuyasoma mahali baada ya mtoto wa Cheche kupimwa. Nilichana hiyo pia. Kalamu ilikuwa nzito kuliko siku ile ya kwanza kwenye dawati la watoto. Mwisho niliandika hivi:

"Mwanangu, mkono wako ulisema kweli. Siku ile mama yako alikuwa amepoa na alikuwa wa kusafiri. Kosa lilikuwa langu: kipimo kile lazima kikung'utwe kabla ya kupima, mimi sikujua, yeye alijua. Alininyooshea mkono akitaka nimpe, nikamwambia alale. Ungalimpeleka, pengine angalifariki njiani, pengine angalimwona mtoto. Sijui, na sitasema najua.

"Kuku wa madoadoa wamekwisha. Nilikuwa nimeyaweka mayai yao tisa kwenye mashine ya mbao niyatotoleshe nikuletee vifaranga, na hao nao nimewaua kwa kosa hili hili. Amebaki jogoo. Sina cha kukuletea kikapuni. Nimeambatisha kurasa mbili ujionee. Zile barua tatu za kwanza zichome. Mimi baba yako."

Niling'oa kurasa zile mbili taratibu, nisizichane, nikazikunja ndani ya barua, nikaitia bahashani.

Posta palikuwa na foleni ya watu wanne. Msichana wa dirishani alikuwa anatafuna kitu, akaninyooshea mkono bila kunitazama.

"Tupime, Mzee wangu."

Nilitazama mizani yake kabla ya kumpa. Ilikuwa tupu, na sindano ilikuwa imeegemea kulia kwa unene wa unywele.

"Binti, sindano yako haijakaa kwenye sifuri."

"Gramu mbili tu hizo, Mzee. Haziongezi stempu."

"Isawazishe, tafadhali."

Watu wa nyuma yangu walianza kuguna. Mmoja alisema wazee wa siku hizi wana mambo. Msichana alinitazama kwa mara ya kwanza, na sijui aliona nini, maana aliacha kutafuna, akazungusha skrubu hadi sindano ikalala mahali pake.

"Sasa?"

"Sasa sawa."

Nikamwekea. Akasoma, akabandika stempu, akaigeuza nyuma. "Lakini hujaifunga, Mzee. Unataka kuongeza kitu?"

Nilifikiri. Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea. "Hapana," nilisema. Nililowesha gundi kwa ulimi, nikakunja, nikapitisha kidole gumba kutoka upande huu hadi upande ule, nikarudia. Nikamrudishia. Akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la turubai lililokuwa nyuma yake, na mchukuzi aliyekuwa akingoja akalifunga mdomo, akalirusha begani, akatoka nalo.